Mama Aliyependwa na Mji Mzima

Mama yangu alikuwa mpambaji wa maharusi, na kwa miaka mingi hakuna harusi ya maana iliyofanywa Amu, mji wa Lamu, bila yeye kuitwa. Hina yake ilikuwa nyembamba kama uzi, piko lake, ile rangi nyeusi, halikuvuja nje ya mstari, na asumini alizozitunga nywelani hazikunyauka mpaka bibi harusi ameonwa na wageni wote. Lakini hawakumwitia mikono tu. Walimwitia na maneno yake. Akiingia penye wanawake walisogea wampe nafasi, na baada ya muda mfupi wote walikuwa wakicheka. Alijua neno ambalo kila mtu alilihitaji. Alimwambia mnene amependeza, akamshika mkono aliyefiwa akalia naye. Nilipokuwa mdogo, nikitumwa dukani, wanawake walinishika kidevu wakaniambia, "Una bahati wewe. Mama kama huyu hapatikani."

Niliamini. Mtoto huamini anayoambiwa kuhusu mama yake, hata kama anayoyaona ni mengine.

Nyumbani kulikuwa na mimi na baba. Baba alishona kofia kwa mkono, akikaa kwenye daka la mlangoni, mahali pa kivuli ambapo kila apitaye humsalimia, na ninadhani alipachagua kwa sababu palikuwa nusu ndani nusu nje. Mama akirudi kutoka harusini, sisi wawili tulijua habari yake kabla hajasema neno. Tuliisikia kwenye namna alivyovua viatu. Vikiwekwa taratibu, alisifiwa. Vikitupwa, kuna mtu mwingine aliyesifiwa.

Nilipokuwa na miaka kama kumi nilichaguliwa kusoma Qur'ani kwenye mkusanyiko wa wanawake mtaani kwetu. Mama alinishonea nguo mpya na kunisomesha aya zangu kila asubuhi. Nilisoma vizuri. Wanawake walisema mashaallah, wengine wakajifuta machozi, na jirani mmoja mzee akamwambia mama kwa furaha, "Yeo huyu amekushinda!" Mama alicheka kuliko wote. Tulitoka ameushika mkono wangu, na tulipopinda kona ya kwanza akauachia.

Hakunisemesha tena kwa siku nyingi. Na haukuwa ukimya wa mtu aliyenuna. Alizungumza na baba, alimwita paka kwa jina, alicheka na wageni. Mimi alinipita kama nguzo. Nikimsalimia, aligeuka kutazama kitu kingine. Chakula changu kilipakuliwa, nguo zangu zilifuliwa, ila mimi sikuwepo.

Nilimwendea baba pale dakani. Aliitua kofia yake gotini.

"Enda kamtake radhi mamako," akaniambia.

"Nimefanyani, baba?"

"Wewe mtake radhi tu. Kosa atalileta mwenyewe."

Nikaenda. Nilimbusu mkono nikasema nisamehe, mama. Akanikumbatia, akalia, akaniambia mama hana kinyongo na mwanawe, kilichomuuma ni kwamba nilipomaliza kusoma niliwatazama wageni wote isipokuwa yeye. Sikumbuki nilimtazama nani siku ile. Ninachokumbuka ni raha ya kurudishiwa sauti yake. Ilikuwa kubwa mno, hata nikampenda kuliko nilivyompenda kabla ya kunyamaziwa.

Baada ya hapo nilijifunza kuficha. Nikifaulu mtihani nilimweleza huku nikilalamikia somo moja nililofanya vibaya. Nikipewa zawadi niliuliza kwanza kama yeye ataipenda. Kwangu ilikuwa ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni.

*

Nilipoposwa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Siyu, kisiwani Pate, mama alisema, "Siyu? Nimekulea hivi ukalime mihogo?" Kisha akasikia kwamba familia ile inaheshimiwa Pate nzima, na kabla ya wiki kwisha alikuwa akiwasimulia majirani jinsi alivyomwona kijana yule yeye mwenyewe akamchagua.

Siku ya kupambwa kwangu alinipamba kwa mikono yake. Hili lazima niliseme, kwa sababu nalo ni kweli. Alianza asubuhi, akanichora bila haraka, akinipulizia hina ikauke kama alivyokuwa akinipulizia uji nikiwa mdogo. Alinisimulia nilivyozaliwa mvua ikinyesha, na jinsi alivyoogopa kunishika. Saa zile zilikuwa nzuri, na sijaziondoa katika maisha yangu.

Jioni wanawake walijaa. Nilikalishwa kwenye kiti kilichopambwa, macho chini kama inavyotakiwa. Pazia lilipofunguliwa vigelegele vikapigwa, na katikati ya vigelegele nikasikia kishindo. Mama ameanguka. Wote walimkimbilia. Huyu anataka maji, yule anataka pepeo, mwingine anasoma dua. Walimbeba wakampeleka chumba cha ndani na ukumbi mzima ukamfuata. Nikabaki juu ya kiti, na mbele yangu viti vitupu.

Aliyebaki ni khalati yangu mmoja tu, mdogo wake mama. Alikuja akaniweka sawa ushungi.

"Amekufa?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Mamako? Hafi huyu." Alinitazama usoni. "Nawe usiinuke. Ukiinuka watasema bibi harusi hana haya, usipoinuka watasema hana huruma. Basi kaa, angalau miguu ipumzike."

Mama alirudishwa baadaye akishikiliwa na wanawake wawili, dhaifu, akitabasamu, na nyimbo zikaanza tena. Waliimbiwa wazazi, mama zaidi. Kwenye picha za siku ile mimi ninaonekana vizuri. Nimetazama chini na ninacheka kidogo, kwa sababu ya yale maneno ya khalati.

*

Siyu nilikuta nyumba iliyonishangaza. Watu waligombana kwa sauti na ugomvi ukaisha. Wiki za mwanzo niliunguza wali, sufuria nzima, na mama mkwe akanifokea hadi majirani wakasikia. Kisha akaniomba chumvi. Nilimpa, nikangoja. Nilingoja kutwa nione ataanza kuninyamazia lini. Alasiri sikuweza tena. Nilimfuata uani alikokuwa akikuna nazi, nikapiga magoti nikamtaka radhi.

"Radhi ya nini?" akauliza.

"Ya wali."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha ya mbali. "Wali umekwisha liwa na kuku," akasema. "Inuka, mwanangu, utachafua leso." Usiku ule nilimwuliza mume wangu kama mama yake ni mgonjwa. Alidhani ninafanya mzaha.

Mama alinitumia jumbe za sauti kwa simu kila siku. Nyingi zilianza kwa kilio. Moyo unamwenda mbio, baba hamjali, ninaishi raha zangu ng'ambo nami nimemsahau. Kutoka Siyu kwenda Amu si jambo la kuvuka barabara. Boti hungoja maji yajae ndipo itoke kwenye mkono wa bahari, na maji yakiwa yametoka unatembea kwenye matope hadi inapoelea. Nilikwenda mara nyingi nikiwa na matope hadi magotini, nikifika nikamkuta ameketi na wageni anasimulia hadithi, anang'aa. "Huyu mwanangu hawezi kukaa bila mimi," aliwaambia. "Mwoneni alivyokuja mbio."

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, nilikaa arubaini kwa mama, kama mila inavyotaka. Kila mgeni aliyeingia mama alimpokea akiwa amempakata mtoto. Alisema mimi sina maziwa. Alisema sijui kumshika mtoto, ni yeye bibi asiyelala. Mtoto akilia mikononi mwangu alikuja akamchukua, akamwita aje, "Ndoo kwa mamako wa kweli." Alimpiga picha na kuziweka mtandaoni, na watu wakampongeza yeye. Mimi niliacha kumshika mtoto mbele za watu, kisha nikaacha kumshika hata tukiwa peke yetu, nikiogopa kumwangusha. Maziwa yakapungua kweli.

Tulipompeleka kliniki kupimwa, muuguzi, mwanamke wa bara aliyekuja Amu kikazi, alimwomba mama angoje nje. Alimpima mtoto, akaniambia anaongezeka vizuri.

"Lakini sina maziwa," nikamwambia.

"Nani amekuambia?"

Nikalia. Nilimweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu, yakatoka bila mpangilio, ya ukimya, ya harusi, ya wali. Mwishoni nikamwuliza kama ni mimi mwenye wazimu au ni mama.

Alifikiri kabla ya kujibu. "Mama yako sijamchunguza, siwezi kumpa jina la ugonjwa. Wewe ndiye uliye mbele yangu. Unaogopa ukiwa wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimjibu kwamba ninaogopa nikiwa kwa mama, na kwamba Siyu siogopi. Akaniambia basi ninajua pa kupumzikia, na arubaini inaweza kumaliziwa popote. Mume wangu alikuja kutuchukua kwa boti iliyofuata.

Miaka hiyo binamu yangu anayeishi Mombasa alianza kunitumia video za watu wanaofundisha habari za tabia hizi. Zina jina la Kizungu, la mtu anayejiona yeye tu. Nilizitazama zote. Mara ya kwanza nilipomsikia mgeni kabisa akieleza ukimya wa mama yangu kana kwamba aliishi nasi, nilizima simu nikatoka kutembea shambani. Zilinisaidia. Lakini kadiri nilivyozitazama ndivyo nilivyoona kuna kitu hakikai sawa. Siku hizi kila aliyeachwa na mchumba anasema mchumba alikuwa na maradhi hayo, na wale wa kwenye video ni majoka tu, hawana siku ambayo walikupulizia hina ikauke. Tena, wanasema watu hao wanajipenda mno. Sikuwahi kumwona mama akijipenda. Nilimwona mbele ya kioo, akidhani yuko peke yake, akijitukana kwa maneno ambayo asingemwambia adui. Alichokuwa hawezi ni kukaa mahali ambapo macho ya watu yako kwingine. Nadhani ilikuwa kwake kama kukosa pumzi.

*

Binti yangu alipofika miaka saba alitaka kulala kwa bibi yake likizo ya shule. Nilisitasita, kisha nikamruhusu. Alimpenda bibi yake, na bibi alikuwa akimfundisha kupaka hina. Nikajiambia huenda yaliyokuwa yangu yalikuwa yangu peke yangu.

Nilipokwenda kumchukua nilimkuta dakani, ameketi kando ya baba, mkoba wake magotini. Baba alikuwa akishona bila kuinua kichwa.

"Mama," binti akaniuliza, "nimemfanyani bibi?"

Ilikuwa hivi. Binti alimchora hina mtoto wa jirani, ua dogo kiganjani. Mama yake yule mtoto alilisifu, akasema msichana huyu atampita bibi yake. Tangu hapo bibi hakumsemesha. Alikuwa amemtaka radhi mara kadhaa, na kila mara bibi aligeukia kwingine.

"Nani alikwambia umtake radhi?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

Akamtazama babu yake. Baba aliiweka sindano chini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyezeeka ghafla.

Niliingia ndani. Mama alikuwa akitunga asumini za harusi ya siku hiyo. Nilimbusu mkono, nikaketi mbele yake. 

"Mama, mtoto amekosa nini?"

"Mtoto gani?"

"Mwanangu. Yuko nje analia."

"Kwani nimempiga? Nimemtukana? Sikumwambia hata neno moja."

"Ndilo hilo, mama. Hukumwambia hata neno moja."

Aliweka uzi chini. "Mmekuwa na mioyo myepesi nyinyi. Nimekulea, nimekupamba, nimekuoza, na yeo wewe wanijia na hukumu kwa ajili ya ua la hina?"

"Sina hukumu. Nimekuja kumchukua. Tutakuja kukusalimia, mimi naye pamoja, lakini peke yake hatalala hapa tena. Na ukimnyamazia mbele yangu, nitamshika mkono tuondoke, turudi siku nyingine."

Nilitaka kuyasema kwa sauti thabiti. Yalitoka yakitetemeka, na neno la mwisho nililirudia kwa sababu halikusikika.

"Pepo yako iko chini ya nyayo zangu," mama akasema. "Wewe walijua hilo?"

"Nalijua, mama."

Niliushika mkono wake niubusu. Akauondoa.

Kwenye boti binti yangu aliitazama Amu hadi ikawa mbali. Kisha akauliza, "Basi ni nani aliyekosa?"

"Si wewe."

"Ni bibi?"

"Bibi anaumwa mahali ambapo yeye mwenyewe hapajui. Lakini si wewe uliyemuumiza."

Akakitazama kiganja chake. "Ua lilikuwa zuri?" akauliza. Nikamwambia sijaliona, anichoree nami. Alinichorea kesho yake, kwenye kiganja chote, na lilikuwa zuri.

*

Sikuambiwa kwamba mambo yangekuwa mepesi, nayo hayakuwa. Mama alimweleza kila aliyekwenda kupambwa kwamba bintiye amemkata. Wajomba walinipigia simu. Mmoja alinisomea hadithi za Mtume kuhusu haki ya mama, nami nikamsikiliza hadi mwisho, kwa sababu hakuna alilosema ambalo silisadiki. Sokoni Amu mwanamke niliyemjua tangu utotoni alipokea salamu yangu akitazama samaki. Niliswali sana miezi ile. Nilichofikia ni hiki, na sikifundishi mtu: niliamriwa nimtendee mama wema, sikuamriwa nimpe mwanangu.

Khalati alikuja Siyu kunitazama. Nilimwuliza kwa nini dadake yuko hivi. Alisema wakiwa wadogo, mama ndiye aliyekuwa mzuri wa sura. Bibi yangu, mama yao, alimvika, akamweka mbele ya wageni aimbe, na wageni wakiondoka bila kumsifu alilala bila kusemeshwa. "Mimi nilikuwa na sura ya kawaida," khalati akasema, "ndiyo maana nilipona." Nilimlilia mama siku ile kuliko siku zote. Lakini kujua mvua ilianzia wapi hakukaushi nguo, na sikubadilisha nilichomwambia.

Jambo ambalo sikulitarajia ni baba. Siku moja, bila kuniarifu, alishuka kwenye boti peke yake, mkoba mdogo begani. Hakuwahi kuja Siyu tangu nilipoolewa. Alikaa kwetu siku chache. Alikula sana. Alilala mchana barazani, mdomo wazi, watoto wa jirani wakipiga kelele pembeni mwake. Jioni alimsikia mama mkwe wangu akimfokea mume wangu kwa sababu ya mbuzi aliyeingia shambani, na mume wangu akijibu, na baadaye wote wawili wakicheka.

"Ni kila siku hivi?" baba akaniuliza.

"Karibu kila siku."

Akatikisa kichwa.  Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa nikikwambia umtake radhi ili upate kulala. Sikujua jingine."

"Najua, baba."

Nilimwambia chumba kipo, akae anavyotaka. Alikitazama kile chumba kwa muda mrefu. "Akibaki peke yake na nyumba ile," akasema, "atazungumza na nani?" Asubuhi maji yalipojaa nilimsindikiza. Tangu siku hiyo huja kila baada ya muda, akakaa, akala, akarudi kwake. Anasema mama humnyamazia akirejea, naye hutumia nafasi hiyo kushona.

Mama ni yuleyule. Nilipomzaa mtoto wa pili nilikaa arubaini Siyu, na hakunisemesha karibu mwaka mzima. Nilingoja yale maumivu ya zamani, nayo yalikuja, lakini yalikuja kama homa ndogo, nikawa ninapika na kufua nayo, na siku moja nikatambua hayapo.

Tunakwenda Amu tukiweza. Tunafika asubuhi, tunambusu mkono, tunakunywa kahawa yake ya tangawizi ambayo bado haina mfano. Habari ninazozithamini simpelekei. Nampelekea za kuku, za shamba, za bei ya samaki, na juu ya hizo tunaweza kuzungumza tukacheka kweli. Idd iliyopita kulikuwa na wageni, akaanza kuwaeleza jinsi wanangu walivyo wembamba kwa sababu mama yao hajui kupika. Nikaona binti yangu, ambaye sasa ananifikia begani, ananitazama. Nikainuka, nikavaa buibui, nikawaaga wageni mmoja mmoja.

Mama alitufuata hadi mlangoni, jambo ambalo si kawaida yake. Alisimama ameshika nguzo ya mlango, mikono yake ikiwa na rangi ya hina hadi kwenye kucha.

"Mtakuja lini?" akauliza.

"Shule zikifungwa, mama, inshaallah."

"Mje mapema," akasema. "Mchana huwa na watu."

Sikujua kama alitaka tuwe naye peke yetu, au tusimchanganyie wageni wake. Nilimwambia tutakuja mapema. Tukashuka kuelekea forodhani, kwenye boti, binti yangu mbele amembeba mdogo wake, na kichochoro kilikuwa na punda aliyegoma katikati ya njia, ikabidi tungoje mwenye punda amsihi.